Gitaa la Bei Poa, Pikapu za Bei Mbaya

Hoja iliyo mezani ni hii: mtu anayeanza kupiga gitaa la umeme, tena gitaa la bei ya chini, abadilishe pikapu zake au aziache zilivyo? Swali linaonekana la mafundi, lakini linagusa mfuko. Seti ya pikapu za jina kubwa inaweza kufikia bei ya gitaa la kujifunzia, hata kuipita.

Nimewagawia hoja hiyo watu wanne wa kubuni. Mzee alipiga ridhimu kwenye bendi za dansi Dar es Salaam. Fundi anatengeneza amplifaya, spika na magitaa. Muuzaji ana duka la vyombo vya muziki Kariakoo. Binti ana gitaa lenye umbo la Stratocaster, jina la kiwanda halisomeki, na akiba aliyodunduliza. Nitaingilia kati pale ambapo mmoja wao atavutia kwake kupita kiasi.

BINTI: Nianze mimi, maana gitaa ni langu. Lina pikapu tatu. Nikilichomeka kwenye amplifaya sauti inatoka nyembamba, nyuzi mbili za mwisho zinachoma masikio na zile nene hazisikiki. Kuna mvumo usiokoma. Nikiongeza volyumu linapiga mbinja, hata nikiwa nimezishika nyuzi zote zisitikisike. Kila niliyemuuliza amenijibu "badilisha pikapu", na kila mmoja ametaja jina lake. Nibadilishe, au nilishapigwa tangu siku ya kununua?

MUUZAJI: Hujapigwa, dada'ngu. Ulinunua gitaa la kujifunzia, na magitaa hayo mengi yanabana gharama pale ambapo macho ya mnunuzi hayafiki. Rangi inang'aa, mbao imepigwa msasa vizuri, lakini fungua pikapu uiangalie kwa chini. Kwenye Stratocaster yenyewe, vile vijiti sita unavyoviona chini ya nyuzi ndiyo sumaku. Ni vya alniko, mchanganyiko wa alumini, nikeli, kobalti na chuma. Kwenye gitaa kama lako vijiti ni chuma kitupu, na kwa chini kumegundishwa kipande cha sumaku ya seramiki, ile ya kijivu unayoikuta nyuma ya spika. Rahisi kutengeneza, lakini sauti yake ni nyingine kabisa. Weka seti nzuri, leo hii hii utanishukuru.

MZEE: Seti nzuri! Mwanangu, sisi tulipoanza hata gitaa hatukuwa nalo. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na hivyo ndivyo zilivyokuwa bendi nyingi: vyombo ni mali ya mwenye bendi, wewe ni mwajiriwa. Ukihama bendi unaondoka na mikono yako. Sasa nani angekuruhusu kulifungua gitaa la chama kwa bisibisi? Pikapu uliyoikuta ndiyo uliyopigia. Tena hii biashara ya pikapu za kubadilisha ilishika kasi Marekani miaka ya sabini. Larry DiMarzio alitoa Super Distortion yake mwanzoni mwa muongo huo, Seymour Duncan akaanzisha kampuni 1976. Kwa hiyo zile nyimbo za dansi za miaka ya sitini mnazozisifia, hakuna aliyeingia dukani kununua pikapu. Sauti ile ilitoka wapi?

MUUZAJI: Ilitoka kwenye gitaa zuri, mzee. Hujatuambia hilo gitaa la chama lilikuwa aina gani.

MZEE: Lilikuwa gitaa. Lilikuwa na nyuzi sita.

Hapo Mzee amekwepa, nami simwachii. Hoja yake ina tundu: tunazozisikia leo ni rekodi zilizodumu. Bendi ambayo magitaa yake yalisikika kama debe haikuacha kitu cha kukumbukwa, kwa hiyo huwezi kusema zamani kila pikapu ilifaa kwa sababu tu nyimbo zilizobaki zinapendeza. Lakini nusu ya hoja yake imesimama, nayo ni kwamba kizazi kizima kilijenga mtindo wake kwa kuzoea chombo kimoja bila kukibadilisha kila mwezi. Tumpe Fundi nafasi, amekuwa akitikisa kichwa tangu Binti alipoanza.

FUNDI: Huyu dada ametaja mambo matatu, ninyi mnajibu kwa neno moja. Sauti nyembamba ni jambo lake, mvumo ni jambo lake, mbinja ni jambo lake. Vinaweza visihusiane kabisa.

Kwanza mjue pikapu inafanya nini. Ni sumaku iliyozungukwa na waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko elfu saba, elfu nane. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, uga wa sumaku unatikisika nao, na kwenye waya unazaliwa umeme mdogo sana. Faraday aliligundua jambo hilo 1831, akiwa hana habari na magitaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 George Beauchamp akalifunga kwenye gitaa, Rickenbacker wakaliuza. Tangu hapo kanuni haijabadilika: pikapu inasikia chuma kinachotikisika. Ndiyo maana sikuulizi kwanza pikapu yako ni ya nani. Nakuuliza, umefunga nyuzi gani?

BINTI: Nilizozikuta. Zile za rangi ya dhahabu, dhahabu.

FUNDI: Hizo ni za gitaa kavu. Ndani zina kiini cha chuma, lakini waya uliosokotwa juu ni wa aloi ya shaba, na sumaku haina habari na shaba. Seti ya gitaa kavu kwa kawaida ina nyuzi nne zilizosokotwa na mbili tupu. Zile nne pikapu inasikia kiini tu, zile mbili inazisikia nzima. Umesema mwenyewe: mbili zinachoma masikio, nene hazisikiki. Pikapu yako imekuambia ukweli.

BINTI: Kwa hiyo pikapu ni nzima?

FUNDI: Sijasema nzima. Nimesema bado hatujaisikia. Funga nyuzi za gitaa la umeme, zile zilizosokotwa kwa waya wa chuma uliopakwa nikeli, halafu ndiyo tuzungumze.

MUUZAJI: Na hizo za dhahabu hakuzinunua kwangu, iandikwe.

Imeandikwa. Nyuzi ni bei ya soda chache ukilinganisha na seti ya pikapu, na mtu angeweza kubadilisha pikapu zote tatu, akafunga tena nyuzi zile zile za dhahabu, akabaki na lawama ile ile.

FUNDI: Ukishafunga nyuzi, chukua bisibisi ya nyota. Kila upande wa pikapu kuna skrubu inayoishusha na kuipandisha. Bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya mwisho kabisa, pima nafasi kati ya uzi na kichwa cha kijiti. Anza na milimita 2.5 upande huo, na milimita 2 upande wa uzi wa kwanza. Ile ya shingoni iwe chini kidogo kuliko ya darajani, maana pale uzi unayumba kwa upana zaidi na sauti yake ni kubwa tayari. Halafu sikiliza, shusha robo mzunguko, sikiliza tena. Watu wanapandisha mpaka juu kwa kudhani ndiyo nguvu. Kwenye pikapu za alniko ukisogeza sumaku mno inauvuta uzi: uzi wa sita ukiupiga kuanzia freti ya kumi na mbili unasikia kama noti mbili zinagombana, na hata ukiutuni vipi haukai.

MZEE: Hilo nalijua. Tuliita gitaa lenye jini.

FUNDI: Jini lilikuwa skrubu, mzee.

MUUZAJI: Sawa, nyuzi na skrubu. Mvumo je? Huo hauponi kwa skrubu. Pikapu ya koili moja ni antena, inakusanya kila uchafu wa umeme ulio chumbani. Dawa yake ilishapatikana zamani. Seth Lover, fundi wa Gibson, aliomba hataza yake 1955. Koili mbili zimelazwa pamoja, sumaku zake zimegeuziana na waya umezungushwa kinyume, mvumo wa koili moja unafuta wa mwenzake, lakini sauti ya uzi inajumlishwa. Hambaka. Zilianza kufungwa kwenye magitaa 1957 zikiwa na kijikaratasi kwa chini kinachosema hataza imeombwa, na ilitoka 1959. Leo zipo hambaka nyembamba zinazoingia kwenye tundu la koili moja bila kuchonga mbao. Dada anunue hizo, mvumo kwisha.

FUNDI: Mvumo upi?

MUUZAJI: Mvumo ni mvumo.

FUNDI: Hapana, kaka. Upo mvumo mzito, wa chini, unaotoka kwenye transfoma na nyaya za ukutani. Umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo mvumo wenyewe unakaa karibu na noti ya G, chini kabisa. Huo hambaka inaufuta kweli. Kuna mkwaruzo mkali wa juu, unaotoka kwenye tyubulaiti, chaja za bei rahisi na swichi za kupunguza mwanga. Huo mwingi unaingia kwenye nyaya za ndani na matundu ya mbao yasiyozibwa, na unaupunguza kwa kubandika karatasi ya shaba ndani ya gitaa na kuiunganisha na waya wa ethi. Karatasi ya shaba nayo haizuii ule mvumo mzito. Watu wanabandika shaba kutwa nzima halafu wanashangaa mvumo uko pale pale.

Dada, fanya hivi. Washa amplifaya, usiguse nyuzi, sikiliza. Sasa ziguse. Kelele inapungua au inaongezeka?

BINTI: Inapungua sana. Nikiachia inarudi.

FUNDI: Vizuri. Maana yake waya wa ethi kwenye daraja umefungwa, na mwili wako ndio uliokuwa unaleta kelele. Ingeongezeka, ningetafuta waya uliokatika kabla ya kitu kingine chochote. Sasa peleka swichi nafasi ya pili, ile inayounganisha pikapu ya darajani na ya kati.

BINTI: Mvumo umekatika! Umebaki ule wa kukwaruza kidogo.

FUNDI: Basi ya kati imezungushwa kinyume na sumaku yake imegeuzwa. Ukiziwasha mbili kwa pamoja unapata hambaka ya bure. Stratocaster za 1954 hazikuwa na jambo hilo, hata swichi ilikuwa ya nafasi tatu, za tano zilianza kutoka kiwandani 1977. Wapigaji walikuwa wanaisimamisha swichi katikati kwa kuibana.

MUUZAJI: Na nafasi ya kwanza, ya tatu na ya tano? Bado zinavuma.

FUNDI: Zinavuma. Pikapu ya koili moja inavuma, ndivyo ilivyo. Sogea hatua mbili kutoka kwenye amplifaya, geuka upande mpaka mvumo upungue, piga. Na neno la tatu kuhusu hili, ambalo pikapu ya bei yoyote haitalitibu. Kama soketi ya ukumbini haina ethi, au mtu ameikata pini ya tatu kwenye plagi, usipige. Siku utashika nyuzi, mdomo uguse maikrofoni, upigwe shoti mbele ya watu. Wapo waliokufa hivyo. Hapo muite fundi umeme.

Nilitaka kumkatiza Fundi, lakini kumbi nyingi tunazozijua hazina ethi ya kuaminika, na sijapata kuona tangazo la pikapu linalolitaja jambo hilo. Wanaoandika kuhusu mvumo huandika wakiwa kwenye nyumba ambazo ukuta wake umekaguliwa.

BINTI: Na mbinja?

FUNDI: Hapo sasa. Chukua mpini wa bisibisi, volyumu ikiwa juu, gonga taratibu juu ya kifuniko cha kila pikapu.

BINTI: Ya shingoni, tok. Ya kati, tok. Ya darajani… kah! Kama nimegonga maikrofoni.

FUNDI: Ongea karibu nayo.

BINTI: Haloo… Inasikika! Sauti yangu inatoka kwenye spika!

FUNDI: Koili yake imelegea. Waya unatakiwa ukae kimya, utikisike uzi peke yake. Pikapu nzuri nyingi huzamishwa kwenye nta iliyoyeyushwa, nta inaingia katikati ya mizunguko, ikiganda inashika kila kitu. Hiyo ama haikuzamishwa, ama ilifanywa haraka haraka. Spika inatikisa koili, koili inarudisha sauti kwenye spika, ndiyo mbinja hiyo.

MUUZAJI: Ahaa!

FUNDI: Ndiyo, kaka, hapo umeshinda. Naweza kuizamisha mwenyewe kwenye nta ya mshumaa iliyochanganywa na ya nyuki kidogo, sufuria ndani ya sufuria yenye maji, joto kama nyuzijoto 65, nikiwa nimesimama hapo hapo. Lakini dada asijaribu nyumbani. Nta inashika moto, na plastiki ya pikapu za bei poa inapinda kabla hujageuka. Kwa anayeanza, pikapu inayopiga mbinja ni sababu halali ya kununua nyingine. Na hata mimi nikiizamisha, sina hakika itastahili kazi yangu.

Muuzaji amepata pointi yake, na amepata kwa haki. Walimu wengi wa gitaa huwaambia wanafunzi "shida ni vidole vyako" kwa kila kitu, na mwanafunzi anaacha gitaa akiamini hana kipaji, kumbe anapigia chombo kinachorudisha mbinja kila akijaribu kupiga kwa nguvu. Mtu ajue kugonga kwa mpini wa bisibisi. Haimgharimu chochote.

MUUZAJI: Haya basi, ya darajani inatoka. Ninayo moja ya kilo-omu 16. Hizo zake hazifiki hata nusu. Nguvu mara mbili na zaidi, dada, amplifaya itanguruma yenyewe.

FUNDI: Lete mita.

Na hapa Fundi akafanya jambo ambalo ningependa kila mwenye gitaa alione mara moja. Alichomeka kebo kwenye gitaa, akafungua volyumu yote, akagusisha ncha moja ya mita kwenye kichwa cha jeki na nyingine kwenye shina lake. Swichi shingoni: kilo-omu 5.86. Akaeleza kwamba pikapu yenyewe ni 6, ila volyumu ya kilo-omu 250 imekaa sambamba nayo na inapunguza kidogo. Swichi nafasi ya nne, ya shingoni na ya kati kwa pamoja: 2.96. Mbili sambamba, nusu. Hakufungua hata skrubu moja, na tayari tulijua pikapu hizo mbili ziko hai na swichi inafanya kazi.

FUNDI: Namba hiyo ndiyo mnayoiita nguvu. Ni ukinzani wa waya, basi. Waya ukiwa mwembamba zaidi, ukinzani unapanda hata mizunguko ikibaki ile ile. Angalia Telecaster: pikapu ya shingoni kwa desturi imezungushwa waya mwembamba kuliko ya darajani, inasoma kilo-omu saba na ushei, lakini sauti yake ni ya upole kuliko mwenzake. Tena shaba ikipata joto ukinzani unapanda, kama asilimia 0.4 kwa kila nyuzijoto moja. Pikapu iliyosoma 7.6 kwenye nyuzijoto 20, ipime hapa Kariakoo mchana wa Februari kwenye 33, itasoma 8. Imepata nguvu njiani?

MUUZAJI: Lakini ya 16 si ya waya peke yake. Ina mizunguko mingi kweli, na sumaku ya seramiki.

FUNDI: Kweli. Na mizunguko ikizidi, sauti inakua lakini ule ukali wa juu unakatwa, na katikati inavimba. Super Distortion aliyoitaja Mzee ilitengenezwa kwa kazi hiyo, kuisukuma amplifaya ya valvu mpaka sauti ipasuke. Kwa roki nzito ni kitu kizuri. Tatizo ushauri mwingi wa pikapu unaozunguka duniani umeandikwa na watu wanaopasua sauti. Huyu dada anapiga nini?

BINTI: Rumba. Na benga kidogo. Sipasui kitu. Nataka kila noti isikike peke yake.

MZEE: Basi nipeni nafasi, maana sasa mmefika kwangu.

Bendi ya dansi ina solo, ina second solo, ina ridhimu, ina besi. Magitaa matatu juu ya besi moja, na kila moja lina mstari wake. Hakuna anayepiga kama mwenzake. Solo akipanda, second solo anajibu katikati, ridhimu anashona chini. Sasa ukiwapa wote watatu pikapu za aina moja, nene, zenye katikati iliyovimba, unapata uji. Msikilizaji hajui nani anasema nini. Sisi tulikuwa tunagawana kwa swichi. Solo yuko darajani, anakata. Mimi ridhimu niko shingoni, au katikati, napunguza toni kidogo ili nisimguse. Second solo anatafuta nafasi iliyobaki. Hatukuongea, tulikuwa tunasikilizana. Kwa hiyo ukiniuliza pikapu gani ni nzuri, nitakuuliza jirani yako anapigia ipi.

Hiyo ndiyo hukumu yangu pia, na nilikuwa nangoja mmoja wao aifikie. Majarida ya magitaa hupima pikapu moja moja, gitaa likiwa peke yake chumbani. Pikapu inayopendeza peke yake, nene, yenye besi nyingi, mara nyingi ndiyo inayopotea bendi ikianza. Na ile inayosikika nyembamba chumbani ndiyo inayotoboa ukumbini. Anayeanza akinunua kwa kusikiliza gitaa lake peke yake atanunua kinyume cha anachohitaji, na muziki wetu wa magitaa matatu unalifanya kosa hilo lionekane haraka kuliko bendi ya gitaa moja.

BINTI: Samahani, mzee wangu. Mimi sina bendi.

MZEE: Utapata.

BINTI: Labda. Sasa hivi napiga peke yangu na kompyuta. Ngoma natengeneza mwenyewe, besi ya kompyuta, kinanda cha kompyuta. Gitaa ni moja. Hao majirani unaowasema kwangu hawapo.

MZEE: … Kinanda kinapiga wapi?

BINTI: Katikati. Mkono wa kushoto unashuka chini.

MZEE: Basi jirani yako ni kinanda, na ni jirani mbaya kuliko second solo kwa sababu hasikilizi. Mkimbie. Kaa juu yake.

FUNDI: Na kwenye kompyuta unachomekaje?

BINTI: Kwenye kile kiboksi cha kurekodia, tundu la mbele.

FUNDI: Hakikisha tundu limewekwa kwenye swichi ya ala, si ya maikrofoni wala ya laini. Pikapu haina nguvu ya kulisukuma tundu lisilotengenezwa kwa ajili yake, ukali wa juu unazama. Na ukisikiliza moja kwa moja bila kuiga spika ya gitaa kwenye programu, sauti itakuwa kali, ya kukera, kwa sababu spika ya gitaa kwa kawaida inashuka sana baada ya hezi elfu tano hivi. Watu wanabadilisha pikapu kwa ajili ya hilo. Ni kitufe kimoja kwenye programu.

MUUZAJI: Fundi, leo unanifungia duka.

FUNDI: Sikufungii. Nataka ununuzi wake uwe mmoja na uwe sahihi. Anahitaji pikapu ya darajani, koili moja, yenye sumaku za alniko, ukinzani kama kilo-omu 6 au zaidi kidogo. Isizidi sana, la sivyo akihamisha swichi kwenda shingoni gitaa litaonekana limezima. Unayo?

MUUZAJI: Ninayo mbili. Moja ya jina, moja haina jina.

FUNDI: Pima nafasi ya vijiti. Kutoka katikati ya kijiti cha kwanza hadi katikati ya cha sita, ziko za milimita 50 hivi na ziko za 52. Dada, pima nyuzi zako pale zinapopita juu ya pikapu. Uzi ukipita pembeni ya kijiti chake utasikika hafifu, utadhani umenunua mbovu.

BINTI: Nikipata ya jina naweza kuifunga mwenyewe?

FUNDI: Unaweza, ni nyaya mbili. Kabla ya kugusa kitu piga picha kila waya ulipo, kwa simu, karibu. Tumia pasi ya kulehemu ya wati 40 na risasi yenye dawa ndani. Ile ndogo ya wati 15 haipashi mgongo wa volyumu, utaishikilia mpaka uue volyumu yenyewe. Ukimaliza, jaribu nafasi ya pili. Sauti ikitoka tupu, bila tumbo, kama redio ya mfukoni, mpya na ile ya kati zinapingana. Geuza nyaya mbili za ile mpya, ya moto iende kwenye ethi na ya ethi iende kwenye swichi. Lakini sikiliza mvumo pia. Nafasi ya pili ilikuwa kimya. Baada ya kugeuza ikianza kuvuma, sumaku ya mpya imeelekea upande mmoja na ya kati. Hapo uchague, uvumilie mvumo au umrudishie kaka.

MUUZAJI: Nitaipokea kama haina alama za risasi.

FUNDI: Risasi haikwepeki, kaka. Mpe siku saba.

MUUZAJI: Tatu.

MZEE: Mimi bado nasema angefunga nyuzi akapiga miezi sita kwanza.

BINTI: Na mbinja nikae nayo miezi sita, mzee wangu?

MZEE: Mbinja toa. Hizo mbili zilizobaki usiziguse. Na hiyo ya zamani usiitupe. Iweke kwenye mfuko na skrubu zake na springi zake, andika upande gani ni wa uzi wa sita. Siku ukiuza gitaa unairudisha, ile nzuri unahama nayo.